Broka na Nyumba Yenye Mpera

Siku hizi kazini wananiita mama nyumba. Si jina baya, ila lina usumbufu wake. Mtu akianza kuwazia mkopo wa nyumba, hata kama anafanya kazi ghorofa za juu na tunajuana kwa kusalimiana kwenye ngazi tu, atatumwa kwangu. Atavuta kiti karibu na meza yangu ya mapokezi, pale kliniki ya meno mjini, na swali huwa lile lile. Je, kumlipa broka akutafutie mkopo kuna maana, au ni kutupa pesa wakati benki zimejaa mji mzima na milango yake iko wazi?

Najua jibu wanalolitaka. Wanataka niseme usimlipe, nenda mwenyewe, huyo anakula jasho la wengine. Mimi huwajibu kwa ufupi kwa sababu simu inalia na wagonjwa wamekaa wameshika mashavu. Nawaambia wamlipe ikiwa ni mtu anayejulikana, ila wasimpe pesa yote kabla benki haijakubali. Wanashukuru, wanaondoka. Jibu refu sijawahi kumpa mtu, kwa sababu jibu refu lina mama yangu ndani yake.

Kabla ya kupata nyumba tuliishi Kangemi, jijini Nairobi, mimi na mume wangu, katika chumba kimoja chenye pazia katikati. Upande huu kitanda, upande ule jiko la gesi na viti viwili. Sikukichukia chumba kile. Majirani walikuwa watu wema, soko lilikuwa karibu, na sukuma wiki ya jioni ilipatikana kwa bei nzuri kama unajua kungoja wauzaji wachoke. Nilichokichukia ni kitu kimoja tu: mama yangu hangeweza kulala pale.

Kwetu magharibi mama halali katika nyumba ya mkwe wake. Si uadui, ni heshima. Anaweza kuja akala, akacheka, akakosoa ugali wako, lakini jua likianza kushuka lazima atafutiwe paa lingine. Mume wangu ni mtu wa Ukambani, na kwao heshima hiyo ni kali kuliko yetu. Mama akiingia, yeye anatoka. Akitaka kumsalimia husimama nje, anaangalia pembeni, utadhani anazungumza na fremu ya mlango. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuwaona wakipeana mkono, na bado sijui mama mkwe na mkwe wanaopendana kuliko hao wawili.

Kisha macho ya mama yakaanza kumsumbua. Daktari alisema ni presha ya macho, ugonjwa unaokula kutoka pembeni ukielekea katikati, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Akatakiwa kuja Nairobi kila baada ya miezi michache kupimwa na kupewa dawa ya matone. Siku hizo naomba ruhusa kazini, nashinda naye kliniki ya macho, tunakula kwangu, halafu jioni namshika mkono tunatembea polepole kupitia Kawangware mpaka Riruta, kwa mjane mmoja wa kanisa letu aliyekuwa na kitanda cha ziada. Nabisha hodi, namkabidhi mama, narudi. Kila mara nilijisikia kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima.

Nilimtamani mama. Nasema hivyo waziwazi ingawa wakati huo nilikuwa mke wa mtu, mwenye kazi na funguo zangu mwenyewe. Nilitamani kuamka nikasikia kikohozi chake. Tulipokuwa wadogo kile kikohozi ndicho kilikuwa saa yetu: akikohoa tu, unajua kumepambazuka, maji yako motoni, na dakika si nyingi ufagio utaanza kuimba uani. Tangu niolewe sikuwa nimekisikia alfajiri hata mara moja. Nilikuwa nikilala Kangemi, naye kalala Riruta kwa watu, na tukikutana asubuhi ameshavaa koti lake la safari kama mgeni.

Ndiyo maana sikuota jumba. Wanawake wenzangu kazini walikuwa wanaota majiko kama yale mume wangu alikuwa akiyatengenezea kabati huko Spring Valley kwa matajiri, majiko ambayo chumba chetu kizima kingeingia na bado ukapata mahali pa kuweka friji. Mimi niliota kiwanja kidogo chenye nyumba, na nyuma ya nyumba chumba cha peke yake, paa lake, mlango wake. Mama alale huko. Mkwe alale huku. Kati yao uwe uwanja, na katika uwanja huo nipite mimi na chai.

Jioni moja, tukielekea kwa mjane, tuliona kibao kwenye geti moja la Riruta: nyumba inauzwa. Mwenyewe alikuwa mzee mstaafu aliyetaka kurudi kwao Nyeri, akatufungulia bila maswali. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida, ya mawe, rangi imechoka. Lakini nyuma palikuwa na uwanja, na kwenye uwanja palikuwa na mpera ulioinamia ukuta. Mama bado aliona vizuri mbele yake, ila pembeni ndiko kulikuwa kumeanza kuingia giza. Akageuza kichwa taratibu kama kuku, akauangalia mti kutoka chini mpaka juu. Akachuma pera moja, akalifuta kwa leso, akalitia mkobani bila kumwomba mtu.

Kisha akaonyesha kwa kidole. "Hapa mlango. Hapa kigoda changu. Asubuhi jua litanipata nikiwa nimekaa."

Mzee wa nyumba akacheka, akasema mama amekwisha nunua, sasa tumebaki sisi kulipa.

Tukaenda benki. Tulienda wenyewe, tumevaa nguo za kanisani, mume wangu akiwa amesugua gundi ya mbao kwenye kucha mpaka vidole vikawa vyekundu. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu nyingi. Akatazama pesilipu yangu ya mshahara akatikisa kichwa kwa upole, akatazama mikono ya mume wangu akauliza mshahara wake unapitia wapi. Haupitii popote. Fundi wa kabati analipwa akimaliza kazi, huyu kwa simu, yule kwa mkono, mwingine anampa nusu na ahadi. Kuna miezi tulikula kama mawaziri na miezi tulikula kama mawaziri waliofutwa. Yule kijana alieleza kwamba pesa ya namna hiyo benki haiwezi kuihesabu. Kwa mshahara wangu peke yake nilikadiria tungepata mkopo wa kununua geti na labda nusu ya mpera.

Broka aliletwa na jino. Alikuwa mama wa makamo, ameketi kwangu mapokezi akisubiri kung'olewa, na hata akiwa na shavu limevimba aliendelea kuzungumza kwenye simu na watu wa mikopo. Alipokata simu nikamuuliza kazi yake. Akanialika ofisini kwake, chumba kidogo juu ya duka la mapazia karibu na barabara ya Tom Mboya, chenye meza, birika na faili zimepangwa mpaka dirishani. Tukaenda mimi na mume wangu Jumamosi. Alisikiliza hadithi yetu yote bila kuandika chochote.

"Madam, benki haikataangi mtu," aliniambia. "Inakataanga karatasi. Huyu bwana yako ako na pesa, lakini hiyo pesa haiongei. Kazi yangu ni kuifunza kuongea."

Halafu akataja ada yake. Sehemu ndogo mwanzoni, nyingine benki ikikubali. Mume wangu akaniangalia, nami nikajua tunafikiria kitu kimoja, kwa sababu tulikuwa na akiba tuliyoiweka kando kwa ajili ya mawe na mabati ya chumba cha mama, na ada ya yule broka ilikuwa karibu sawa nayo. Tukilipa, tunaweza kupata nyumba lakini chumba hakuna. Tusipolipa, tuna mawe na hatuna mahali pa kuyaweka.

Kwenye ngazi mume wangu alisema maneno machache, maana si msemaji. "Tumlipe tu. Mimi siwezi kata mbao na meno. Kila kazi na chombo yake. Hiyo room nitajua vile nitafanya."

Mimi nikasema kwanza nimuulize mama.

Hapa lazima mama yangu aeleweke. Baba alipofariki alitulea kwa shamba la mahindi, na kwa mkulima wa kwetu neno broka lina sura. Ni yule mtu anayekuja na lori siku ya mavuno, wakati karo inadaiwa na mvua inatishia mahindi uani, akiwa na gorogoro lake mwenyewe. Gorogoro ni mkebe wa kupimia, na wake ulikuwa umegongwa chini mpaka kitako kikatokeza kama kitambi. Mama alijua. Kila mkebe ulimeza konzi moja zaidi, naye alisimama pale anaangalia konzi zake zikienda, kwa sababu hapakuwa na mnunuzi mwingine. Nilimwona akilia mara moja tu utotoni mwangu, na ilikuwa nyuma ya lori linaloondoka.

Kwa hiyo nilipompigia simu nikamweleza kwamba kuna broka anaweza kututafutia mkopo wa ile nyumba yenye mpera, alinijibu papo hapo.

"Usimpe," akasema. Tulikuwa tukizungumza kwa lugha yetu, na kwa lugha yetu neno hilo ni zito zaidi. "Una miguu. Una mdomo niliousomesha. Nenda benki nyingine, na nyingine. Nyumba ikiingia kwa mkono wa broka, mimi sitalala ndani yake."

Nikajaribu kumwambia kwamba huyu ni wa aina nyingine, hana lori wala mkebe. Akasema mkebe anao, ila hajanionyesha. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilimsikia mkuu. Na nyumba yenyewe ilikuwa ya kumlaza yeye, sasa ningeinunuaje kwa njia aliyoapa kutolala ndani yake? Mume wangu hakubishana. Huwezi kubishana na mama mkwe ambaye hata usoni humwangalii.

Tukaanza kuzunguka. Ukitoka kwangu kazini mchana, mji mzima ni benki, moja imepakana na nyingine, na kila moja ina kijana mwenye adabu. Mmoja alitaka vitabu vya biashara vilivyokaguliwa, na mume wangu hesabu zake aliziandika kwa penseli kwenye vipande vya mbao. Mwingine alitwambia turudi baada ya mwaka. Mmoja alituchangamkia sana, akachukua karatasi zetu na pesa ya kutuma mtu kukadiria thamani ya nyumba, kisha kukawa kimya, na tulipofuatilia tukaambiwa kamati imekataa. Nilizoea kula muhogo nikitembea. Kila nikitoka mlango wa benki nilipita chini ya ofisi ya yule broka, naona mapazia ya duka yakipepea, na ninaongeza mwendo.

Mzee wa Riruta alitungoja kiungwana. Kisha siku moja akapiga simu, sauti imejaa aibu, akasema amepata mtu mwenye pesa mkononi na watoto wake wamemchosha. Nilikwenda kuiona nyumba mara ya mwisho kutoka barabarani. Mwenye nyumba mpya hakuwa mtu wa matunda. Alikuwa ameshaukata mpera ili aegeshe gari.

Kliniki iliyofuata, daktari alinyoosha vidole mbele ya uso wa mama akamuuliza anaona vingapi. Mama akamjibu, "Daktari, wewe ndiye umesoma. Hesabu mwenyewe." Tukacheka wote, hata muuguzi. Lakini tulipotoka ukumbini alinishika mkono juu ya kiwiko, na hakuuachilia mpaka Riruta.

Wiki hiyo hiyo nilipanda zile ngazi juu ya duka la mapazia. Sikumpigia mama simu.

Yule broka hakuniuliza nilikuwa wapi muda wote huo. Alimimina chai, akaanza kazi. Alimwagiza mume wangu kila pesa anayopata, hata ya kutengeneza kigoda, iingie kwenye akaunti kwanza ndipo itoke. Akamtuma Spring Valley kwa wenye majiko aliyoyajenga, waandike barua kwamba wamemwajiri na wameridhika, na wale watu, ambao walikuwa hawajui jina lake la pili, wakaandika barua nzuri za kutia machozi. Miezi ikapita hivyo, broka akikagua akaunti ya mume wangu kama mwalimu anayekagua daftari. Hakutupeleka kwenye benki yoyote tuliyoijua. Alitupeleka kwenye moja ndogo inayokopesha mafundi na wenye maduka, ambayo nilikuwa nimepita mlangoni pake mara nyingi nikidhani wanauza bima. Nyumba nyingine ilikuwa imepatikana Riruta, njia ya pili kutoka ile ya kwanza, na kabla hatujaweka sahihi aliitafuta hati yake kwenye ofisi ya ardhi kuhakikisha muuzaji ndiye mwenyewe. Benki ilipokubali, alikuja kunitangazia kliniki, akiwa amesimama pale pale alipokuwa amekaa na shavu lake. Nikamlipa ada iliyobaki. Pesa ya mawe ya mama ikaisha siku hiyo.

Mume wangu akajua vile atafanya, kama alivyosema. Kule Spring Valley walikuwa wanabomoa nyumba ya zamani, akaomba mbao za sakafu, madirisha na mlango. Jioni baada ya kazi alikuwa uani mwetu, taa ya kichwa imewaka, anapiga randa. Alimjengea mama mkwe wake chumba cha mbao chenye paa lake na kizingiti kisichoinuka, asije akajikwaa. Kitanda alikifanya chenye miguu mifupi. Halafu kutoka mlango wa chumba hadi mlango wa jikoni akagongomea ubao mwembamba kwenye ukuta wa ua, kimo cha kiuno, ameusugua mpaka ukawa laini kama mwiko wa zamani. Nikamuuliza wa nini. Akasema wa mkono. Chumba kilipokamilika alikifagia, akatoka, akafunga mlango. Mama alipoingia, yeye hakukanyaga tena humo, hata balbu ikiungua huniita mimi.

Mama alifika mchana. Aliingia uani akiwa amenishika kiwiko, akakutana na ule ubao, mkono wake ukatembea juu yake taratibu. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, anaangalia pembeni kwa mazoea, ingawa sasa hata kama angemkazia macho mama hangejua. Alimwambia karibu nyumbani. Mama akageuza uso upande wa ile sauti, akamwambia mikono yake ibarikiwe, na kwa wale wawili hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Na alfajiri nikakisikia. Nilikuwa nimelala, paa langu, mume wangu ubavuni, na kutoka ng'ambo ya uwanja kikohozi kikaja, kikavu, kifupi, kama cha miaka yote ile. Nililala pale bila kujongea kwa sababu niliogopa nikiamka kitakoma. Nilifurahi mpaka nikalia. Sijui kama mtu anayeniuliza habari za broka angenielewa nikimwambia kwamba nilicholipia ni kikohozi.

Nilipotoka na chai nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wake, jua limemfikia miguuni. Hakuwa na ufagio. Alikuwa anapapasa hewa upande wa kushoto, polepole, kama mtu anayetafuta kamba ya nguo.

"Mpera uko upande gani?" akaniuliza. "Nimenyoosha mkono siupati."

Ndipo nilipotambua kwamba muda wote huo alikuwa ameamini yuko katika nyumba ile. Ilikuwa Riruta, nyumba ya mawe, uwanja nyuma. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba benki imekubali, si kwamba ile iliuzwa. Ningeweza kumwacha aamini. Ningeweza kumnunulia mapera sokoni kila wiki nikamwambia nimeyachuma. Lakini mama huyu alikuwa ameshatazama mikebe iliyogongwa kitako maisha yake yote, na sikutaka kumpimia kwa mkebe wa aina hiyo.

"Si hii, mama," nikasema. "Ile ilinunuliwa na mtu mwingine tukiwa bado tunazunguka benki."

"Na hii mmeipataje?"

"Tulimlipa yule broka."

Nikangoja anikemee, au asimame aombe mkoba wake. Aliweka kikombe chini, akakitafutia mahali pasipo na kokoto. Uso wake ulikuwa umeelekea kule ambako, kama ingekuwa ile nyumba, mti ungesimama.

"Wewe tangu utoto ni mkaidi," akasema. "Nikikuambia kaa, unasimama. Nikikukataza mto, narudi nakuta nguo zako zimelowa. Hata mume nilikuambia ungoje, ukaenda Ukambani." Akatikisa kichwa kidogo, na nikaona midomo yake inajaribu kutabasamu na kushindwa. "Sasa mbona siku ile ulinisikia?"

Chai yake ilikuwa imepoa, nikamwambia twende jikoni nikaipashe moto. Akasimama, akanyoosha mkono mpaka ukagusa ule ubao ukutani, akanifuata.